Bibi Shamba Anajibu: Ming'oko, Ndiga na Viazi vya Porini

Mwezi uliopita niligusia ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, kwa mistari miwili tu, nilikuwa naongelea vyakula vya kiangazi kule kusini, basi meseji zimemiminika mpaka simu imejaa. Wengine wanauliza ni kitu gani, wengine wamelelewa nayo na wanaikumbuka, na wawili watatu wamenitumia picha ambazo zimenikosesha usingizi kabisa. Nimechagua barua tano. Naanza na ile iliyonitisha zaidi.

*Shikamoo bibi shamba. Mimi nimezaliwa Mbagala ila wazazi wangu ni wa Newala. Mwaka jana tulienda kwenye msiba kijijini ndio nikala ming'oko mara ya kwanza, nimeipenda mno. Sasa huku Kisarawe kwenye shamba la mjomba nimeona mmea unatambaa juu ya miti nikahisi ndio wenyewe, nimechimba nimepata viazi vinne vikubwa vimeshikana. Nimekutumia picha ya jani na ya viazi. Nichemshe tu au kuna namna? Kijana wa Mbagala.*

Marahaba mwanangu. Usichemshe. Usionje hata kidogo, na kama umeshavipeleka nyumbani vitoe mapema kabla mtoto au mtu mwingine hajavikuta jikoni akadhani ni magimbi.

Nimeikuza picha yako nikaiangalia vizuri. Jani limegawanyika vipande vitatu, kama jani la maharage lakini kubwa, shina lina miiba, na viazi vimekaa kichane vimeshikana pamoja. Hiyo ni ndiga. Wazee wa Pwani, Tanga na kusini wote wanaijua kwa sababu imewavusha kwenye njaa, lakini ni kiazi chenye sumu inayoshika mishipa ya fahamu, mtu anaanza kuwashwa koo, mate yanamtoka, kizunguzungu, baadaye degedege, na anaweza kufa. Kuchemsha peke yake hakuondoi hiyo sumu.

Najua mtu atasema mbona bibi yangu alikula ndiga na akaishi miaka tisini. Ni kweli, ila bibi yako hakuchimba leo akala leo. Walikuwa wanakata vipande vyembamba, wanaloweka siku nyingi kwenye maji yanayopita au wanabadilisha maji kila mara, wanaanika, ndio wanatwanga unga, na kulikuwa na mama mmoja au wawili kijijini ambao ndio walioaminiwa kusema hii imeiva au bado. Ile kazi ilifundishwa kwa mikono, miaka na miaka. Mimi sikuandikii hatua zake humu kwa sababu ukikosea siku moja tu sitaweza kukurudisha. Na kama kuna mtu ameshakula kiazi asichokijua na anajisikia vibaya, kimbizeni hospitali na mbebe kipande cha kiazi na jani lake, daktari aone.

Sasa ming'oko yenyewe. Kitaalamu inaitwa *Dioscorea hirtiflora*, ni ndugu wa kiazi kikuu. Jani lake ni moja zima, halijagawanyika, lina umbo la moyo, na ukilipapasa upande wa chini unasikia vinyweleo. Kiazi chake ni chembamba na kirefu, unene kama wa kidole, na shimo moja linaweza kukupa kadhaa vinavyoshuka chini kila kimoja na njia yake. Kwa hiyo ukichimba ukakuta donge kubwa kama kichwa cha mtoto, hapo simama, hiyo siyo.

Lakini nakuomba usitegemee jani peke yake. Kuna viazi vingine vya porini vyenye jani zima la moyo na vina sumu vilevile, kimoja nitakitaja kwenye barua ya Pemba hapo chini. Kingine kinaota sana ukanda wetu wa pwani, wataalamu wamekipa jina la Zanzibar kabisa, *Dioscorea sansibarensis*, jani lake ni pana mno na mwishoni lina ncha ndefu kama mkia. Ukiona jani lina mkia hivyo, pita.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalijui. Ming'oko inachimbwa wakati majani hayapo. Mvua za kusini zinaisha Aprili au Mei, mmea unageuka njano unakauka, na hapo ndio kiazi kinakuwa kimeshiba. Kwa hiyo mchimbaji anatafuta kamba kavu tu, yaani shina lake linalotambaa, kwenye msitu uliojaa kamba kavu za kila aina. Nikiwa mdogo nilikuwa nafuatana na mama mkubwa, nakumbuka alivyokuwa anaishika ile kamba kwa vidole viwili, anashuka nayo taratibu kutoka kwenye tawi, anaipitisha kwenye majani makavu, havuti, kwa sababu ukivuta inakatika na ikishakatika shimo umelipoteza. Akifika kwenye udongo anafagia kwa kiganja, anaangalia pale inapotokea, anapiga magoti, ndio anaanza kuchimba kwa mti uliochongwa ncha. Jembe hakulipenda, alisema linakata viazi. Aliweza kuchimba mpaka mkono unaingia wote begani, anatoa kimoja kimoja bila kukivunja.

Ushauri wangu kwako, nenda kijijini kwenu mwezi wa pili au wa tatu, wakati kila kitu ni kibichi, muombe mama anayechimba akuonyeshe mmea wenye majani. Funga kitambaa. Rudi Juni au Julai uchimbe kwenye vile vitambaa vyako pamoja naye. Misimu miwili hivyo utakuwa na jicho. Na kama ni msitu wa kijiji piteni kwanza ofisi ya kijiji muombe, kama ni hifadhi ya serikali usiingie bila kibali cha watu wa misitu.

*Bibi shamba hujambo. Mimi ni mama wa watoto wanne huku Tandahimba. Zamani tulikuwa tunachimba ming'oko hapa hapa nyuma ya nyumba, sasa hivi tunaenda mbali mpaka tunarudi saa kumi. Misitu imekuwa mikorosho mitupu. Nilijaribu kuipanda nyumbani, nilichukua viazi vizima nikavifukia mwezi wa saba, hakuna kilichoota hata kimoja, nilipofukua nimekuta mchwa na uozo. Wenzangu wananicheka wanasema ming'oko ya Mungu haipandwi. Ni kweli haipandwi?*

Sijambo mama, na pole na mwendo. Inapandwa. Wasikukatishe tamaa, ulichokosea ni mwezi tu, na kidogo sehemu ya kiazi uliyotumia.

Viazi vya ukoo huu vikishakomaa vinalala. Hata ukimwagilia vipi havichipui mpaka muda wake wa kulala uishe, na hiyo inaweza kuchukua miezi miwili mpaka minne. Wewe ulivifukia Julai, ardhi kavu na kiazi bado kimelala, kikawa chakula cha mchwa. Safari hii ukichimba chagua vya mbegu, viweke ndani sehemu yenye hewa na kivuli, kwenye kichanja au kapu lenye mchanga mkavu, usirundike, na panya wasifike. Vikague kila wiki, kilichoanza kulainika kitoe. Ikifika Novemba utaona vingine vimeanza kutoa kijicho. Subiri mvua ya kwanza iliyoshika, mara nyingi Desemba kwetu, ndio upande.

Sehemu bora ya kupanda ni kichwa, yaani pale kiazi kinapoungana na kamba. Hapo ndipo pana macho mengi na ndipo panachipua kwanza. Katikati na ncha ya chini napo panachipua lakini panachelewa. Ukikata, paka majivu kwenye kidonda, acha kikauke siku moja mbili kivulini. Pia chimba udongo mpaka ulainike kwenda chini kabisa, hata urefu wa mkono, maana kiazi chembamba kikikuta udongo mgumu kinapinda au kinakoma, changanya na majani yaliyooza. Usipande bondeni panapotuama maji. Na uweke mti wa kupandia, mita mbili hivi zinatosha, au panda chini ya mti ulio hai ambao hauna kivuli kizito. Wenzetu Wakikuyu wana kiazi kikuu chao wanaita gikwa, wanakipanda kwenye shina la mti wa mukungugu, na mti huo huo unakishika mwaka baada ya mwaka. Mtu anaweza kurithi mti na kiazi chake.

Mwaka wa kwanza utapata viazi vidogo, usife moyo usivile vyote. Kule Benin, Afrika Magharibi, kuna wakulima mpaka leo wanachukua viazi vya porini wanavihamishia shambani, wanavipanda kwenye matuta na kuchagua mmea mzuri kila msimu, na baada ya miaka kadhaa, mitatu minne mpaka sita, wanapata kiazi chenye umbo na ladha ya kuwekwa kwenye kundi la viazi vya kufugwa. Wataalamu walipochunguza damu ya hivyo viazi, yaani vinasaba, wakakuta kweli vya porini vimechanganyika na vya shambani. Kwa hiyo anayesema cha porini hakifugiki mwambie kila kiazi kikuu kinacholiwa duniani kilianza porini, na kuna watu waliokaa na subira wakakileta nyumbani. Aina wanazofuga Benin ni nyingine siyo ming'oko, lakini njia ya kuchagua na kurudia unaweza kuifuata.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, ming'oko ina dume na jike, mimea tofauti. Ile inayotoa vile vijitunda vikavu vyenye mbawa tatu ndio jike. Ukipanda vipande vya mmea mmoja tu utapata viazi sawa, lakini mbegu hutapata. Ndio maana nasema chukua mbegu ya viazi kutoka mashimo matano sita tofauti.

Na hapo nyuma ya nyumba ulipokuwa unachimba zamani, nikuulize maswali mawili. Je mnapiga dawa ya kuua magugu kwenye mikorosho? Na je mnachoma moto kila mwaka kusafisha? Ile dawa haichagui, kamba ya ming'oko ikiwa bichi inakufa na kiazi hakipati chochote cha kuweka akiba. Mkorosho sina ugomvi nao, ndio ada ya watoto wenu, najua. Ila unaweza kuacha pembe moja ya shamba ambayo inafyekwa kwa mkono tu, na kamba zenye jani la moyo zinarukwa. Hata hatua kumi kwa kumi.

Nililotaka kusema sana kwenye barua yako ni hili, na niliseme kwa wachimbaji wote wa Newala, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, kokote. Rudisha kichwa. Ukimaliza kuchimba, usiondoke na kila kitu. Kata kile kichwa pamoja na kipande cha kiazi urefu wa kidole, kirudishe kwenye shimo, fukia na udongo laini, weka majani makavu juu. Mama mkubwa alikuwa anafanya hivyo na alikuwa anafahamu mashimo yake kama mtu anavyofahamu vyumba vya nyumba yake, anasema huyu tulimchimba mwaka juzi, tumuache mwaka huu. Siku hizi ninaona watu wanachimba kwa ajili ya soko, wanakwenda haraka, shimo linaachwa wazi na kichwa kimetupwa juu kikakauka na jua. Hapo umbali unaongezeka kila mwaka na wanaotembea ni akina mama.

*Assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Sisi huku tuna viazi vikuu, mwezi wa Ramadhani havikosekani kwenye futari, vya nazi. Sasa pembeni ya konde la marehemu babu kumeota kama kiazi kikuu lakini kinazaa viazi juu hewani kwenye kamba, vya rangi ya kahawia. Jirani anasema ni vizuri tu kama vya chini. Tule?*

Wa alaykum salaam. Angalia shina kwanza. Kiazi kikuu chenu, ambacho asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki na kimefika kwetu kwa bahari zamani sana, shina lake lina pembe nne na vimbawa vinavyokwaruza, na majani yanakaa mawili mawili yakitazamana. Hicho nacho wakati mwingine kinatoa viazi vidogo juu, na hivyo unaweza hata kuvipanda. Lakini kama shina ni la mviringo, laini, na majani yanapishana, moja huku moja kule, basi hicho ni kile kiazi cha hewani kinachoitwa *Dioscorea bulbifera*. Zipo aina zake za kufugwa zinazoliwa, ila za porini huku Afrika ni chungu na zina sumu inayoumiza ini. Kwa vile hakuna aliyekipanda na kimeota chenyewe, msile. Kama babu alikipanda na wazee wapo waliokila kutoka konde hilo hilo, waulizeni wao na jinsi kilivyopikwa. Neno la jirani peke yake halitoshi.

*Dada, mimi nafanya kazi Muscat. Kuna vidonge vinauzwa mtandaoni vya kiazi cha porini, wameandika vinaongeza homoni za kike na kusaidia kupata ujauzito. Bei siyo ndogo. Nimeolewa miaka mitatu. Ninunue?*

Mdogo wangu, nimesoma barua yako mara mbili. Hela yako iache mfukoni kwanza nikueleze hiyo habari ilipotoka.

Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani anaitwa Russell Marker alikwenda Mexico, akapata viazi vya porini vya ukoo huu huu vyenye kitu kinachoitwa diosigenini, akakigeuza maabara kwa hatua kadhaa za kemikali kikawa projesteroni, homoni ya kike. Ilikuwa kazi kubwa kweli, na vidonge vya uzazi wa mpango vya mwanzo vilitokana na njia hiyo. Lakini ile kugeuza ilifanyika maabara. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kufanya hizo hatua, kwa hiyo ukimeza kiazi au unga wake hupati projesteroni. Wauzaji wanachukua nusu ya kwanza ya habari na kuiacha ya pili. Ming'oko yetu pia haina kazi hiyo, ni chakula.

Miaka mitatu ni mirefu kwa anayesubiri, nakuelewa. Nenda kwa daktari wa wanawake, na mume wako naye apimwe, maana nusu ya safari hiyo ni yake. Mkipata majibu niandikie ukipenda, sitaichapisha.

*Bibi shamba, mimi ni mwalimu nimehamishiwa Mtwara natokea Mwanza. Hapa sokoni nimenunua ming'oko fungu moja, nimemenya kama viazi vya kawaida ikaisha yote kisuni, imebaki nyuzi. Nifundishe kupika.*

Karibu kusini mwalimu. Usimenye ikiwa mbichi, ni nyembamba, ndio maana imeishia kwenye kisu.

Siku ya kununua, chagua ambayo ukiivunja inalia na ndani ni nyeupe, ile iliyonywea imekaa siku nyingi. Loweka kwenye maji dakika chache mchanga ulegee, kisha isugue kwa mikono maji matatu manne, ule mchanga wa hapa ni mwembamba na ukibaki utausikia kwenye meno. Kata mizizi midogo midogo. Ipange kwenye sufuria au chungu ukiilaza, usiisimamishe, tia maji kidogo, yasiifunike, yafike kama nusu, na chumvi. Juu yake funika na majani ya mgomba halafu mfuniko, mvuke usitoke. Moto wa wastani. Ukiona maji yameisha na imeanza kunukia kama inataka kushika chini, epua lakini usifunue, iache ijipike na joto lake robo saa.

Ukifunua, chukua mmoja uminye katikati kwa vidole. Ganda linapasuka na kuteleza lenyewe, ndani unakuta unga unga mweupe. Wengi hapa wanakula hivyo hivyo na chai ya rangi asubuhi, wengine wanachovya kwenye chumvi na pilipili. Mimi napenda ya baridi, iliyolala, saa nne shambani. Fungu lako moja linatosha watu wawili, kama una wageni chukua sado, na mwambie huyo mama wa sokoni akuwekee ile ya leo asubuhi, ukimsalimia vizuri atakuchagulia mwenyewe.